Ndege Ilituacha, na Tiketi Nilizikata Mwenyewe

Mamangu alikuwa amekaa juu ya begi. Viti vilikuwapo, safu nzima, lakini alisema begi ndilo lenye dawa zake na hataki liondoke machoni pake, basi akalikalia. Buibui lake, kikapu cha ukili mapajani, ndani ya kikapu mkate wa mofa na samaki wa kukaanga ambaye harufu yake ilikuwa imeshawafikia watu wa foleni ya pili. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano jioni, uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Ndege yetu ilikuwa ya saa kumi na nusu. Kijana wa kaunta alitutazama kwa huruma ya kweli. Nasema ya kweli kwa sababu nimekwisha kuziona na za uongo.

"Pole sana, mama. Tumefunga saa tisa na nusu."

Mamangu akanigeukia mimi. "Yeo tutalala hapa?"

Sikuwa na jibu. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba sikuwa na wa kumlaumu. Wakala wa tiketi aliyetufikisha pale nilikuwa ni mimi.

Nina kiduka cha saiba huku Amu, ndiyo Lamu, mtaa wa Langoni, hatua chache kutoka barabara kuu ambayo si barabara bali ni kichochoro kipana cha kupishana punda wawili. Nachapisha barua, nawajazia watu fomu za serikali kwenye mtandao, napiga picha za pasipoti, na kwa miaka kadhaa sasa nakata tiketi za ndege. Watu wa huku husafiri sana kuliko wanavyodhaniwa. Kuna wanaokwenda Maskati na Jeddah kwa jamaa zao, wanaokwenda Umra, wanaokwenda India kwa matibabu. Mamangu alikuwa wa kundi la mwisho: moyo. Daktari alishapanga siku, hospitali ya Mumbai ilishatuma barua, viza zilishatoka.

Nikakaa usiku mmoja kutafuta bei. Kulikuwa na njia ya kukata safari nzima kwa tiketi moja, kutoka Manda, kiwanja chetu cha ndege, hadi Mumbai. Na kulikuwa na njia ya kukata mbili: moja ya Manda kwenda Nairobi na shirika dogo linalotua Wilson, kiwanja kidogo cha Nairobi, nyingine ya Nairobi kwenda Mumbai kupitia Ghuba na shirika kubwa. Zile mbili zilipungua shilingi elfu saba kwa kila mtu. Elfu kumi na nne kwa wawili. Ukiwa unamchangia mama matibabu, elfu kumi na nne si pesa ya kuipisha. Nikaangalia saa: tunaondoka Manda saa tano asubuhi, tunafika Wilson saa sita na nusu, ndege kubwa ni saa kumi na nusu. Saa nne katikati! Nikabonyeza, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi nzuri.

Siku ya safari ilikuwa ya Julai, upepo wa kusi umechachamaa, mashua ikitupiga maji mpaka Manda. Tulifika uwanjani tumelowa mikono lakini kwa wakati. Amu jua kali, mbingu safi. Ndege haipo. Tukaambiwa inatoka Wilson, na Wilson asubuhi ile ilikuwa imefunikwa na wingu la chini, ndege haziruki. Anayejua Nairobi ya Julai anajua asubuhi zake. Kwa mtu aliyekaa chini ya banda la Manda akijipepea kwa boding pasi, ni taabu kuamini kwamba anazuiliwa na baridi ya mahali pengine. Lakini ndivyo ndege ndogo zinavyofanya kazi: ndege inayokuchukua wewe ndiyo ileile iliyotakiwa kuja na wengine asubuhi, na ikichelewa kule kwa saa mbili, huku inachelewa kwa saa mbili na zaidi.

Tukaruka saa nane kasorobo. Tukatua Wilson saa tisa na robo. Nilishawahi kusikia watu wakisema "Nairobi kuna kiwanja cha ndege" kana kwamba ni kimoja. Ni zaidi ya kimoja, na mzigo wako hauvuki kutoka Wilson kwenda Jomo Kenyatta kwa miguu yake. Unautoa, unatafuta teksi, unaomba Mungu na barabara ya Mombasa. Dereva wetu alijitahidi, sina lawama naye. Ndio tukafika ile saa kumi kasoro dakika tano.

Sasa sikiliza lililotokea kando yetu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi niliyokuwa nikidhani naijua.

Kulikuwa na kijana mwingine, wa Mombasa kwa lafudhi yake, amevaa suti. Naye alikuwa anakwenda kwa ndege ileile, naye amechelewa, naye ndege yake ya kutoka Mombasa ilichelewa. Alikuwa akipiga kelele. Akasema atawashtaki, akasema anamjua mtu fulani, akapiga kaunta kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimenyamaza, nikifikiri, huyu atafukuzwa na sisi wapole tutasaidiwa. Msichana wa kaunta akamwachia amalize, akachukua simu yake, akatazama namba ya buking, akachapa, akamwambia: "Umeshawekwa kwenye ndege ya kesho asubuhi. Hii hapa hati ya hoteli, na hii ya chakula cha usiku. Basi la hoteli liko nje." Kelele zote zile hazikuwa na kazi. Hata angekaa kimya kama maji ya mtungi angepewa vilevile.

Kisha akaichukua simu yangu. Akatazama. "Nyinyi hii tiketi inaanzia hapa Nairobi. Ile ya Lamu siioni."

Haioni, kwa sababu haiko. Tiketi yake yule kijana ilikuwa moja, Mombasa hadi mwisho wa safari, namba moja ya buking, zile herufi na tarakimu sita. Shirika lilikuwa limemuahidi kumfikisha mwisho. Ndege ya kwanza ilipochelewa, aliyeshindwa kutimiza ahadi ni shirika. Sisi tulikuwa na ahadi mbili zisizojuana. Shirika dogo liliahidi kutufikisha Wilson, na likatufikisha, ingawa kwa kuchelewa. Shirika kubwa liliahidi kutuchukua Nairobi saa kumi na nusu, nalo lilikuwepo, tayari, mlango wazi. Asiyekuwepo ni sisi. Kwa hesabu yao hatukuwa watu waliokosa ndege ya kuunganisha. Tulikuwa abiria ambao hawakutokea.

Na hapo ndipo penye mwiba mkubwa zaidi. Tiketi za kwenda na kurudi zina masharti ambayo wengi hatuyasomi: ukiikosa ndege ya kwanza bila kusema kitu, mfumo unakuhesabu hukutokea na kwa kawaida hufuta vipande vyote vinavyofuata. Yaani si Nairobi kwenda Ghuba tu. Na Ghuba kwenda Mumbai. Na kurudi kote. Nilikuwa karibu kupoteza kila kitu, na sikujua.

Aliyeniokoa ni yule kijana wa kaunta, wa kwanza, mwenye huruma. Alimtazama mamangu pale juu ya begi, akamuuliza, "Shosho unaenda hospitali?" Mamangu akanong'ona kwangu, "Shosho ni nani?" Nikamwambia ni wewe. Kijana akainama karibu na mimi, akasema polepole kama mtu anayetoa siri: "Dada, ndege bado haijaondoka. Nenda ofisi yetu ya tiketi sasa hivi, iko pale nyuma. Waambie unabadilisha tarehe. Ukibadilisha kabla haijaondoka, unalipa ada. Ikishaondoka, ni hadithi nyingine."

Nilikimbia. Buibui nimelishika kwa mkono mmoja, pasipoti mbili mkono wa pili. Kwenye ubao tayari imeandikwa wanapanda. Mbele yangu watu wawili. Mmoja alikuwa anauliza habari za kiti cha dirishani, Mungu amsamehe. Saa kumi na dakika kumi na tatu nikafika dirishani. Mwanamke wa pale alichapa kwa kidole kimoja. Ada ya kubadilisha, na juu yake tofauti ya bei, kwa sababu viti vya bei yetu kwa kesho yake vilikwisha. Jumla kwa wawili ilizidi mara tatu zile elfu kumi na nne nilizoziokoa usiku ule. Nikalipa sehemu kwa kadi, sehemu kwa M-Pesa, na nyingine nikampigia kakangu Mokowe anitumie. Ujumbe wa kuthibitisha uliingia saa kumi na dakika ishirini na moja. Nimeuhifadhi mpaka leo.

Usiku tukalala kwa jamaa South C. Mamangu akawagawia mkate wa mofa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Nilianza kwa hasira, nikaendelea kwa udadisi, na sasa wateja wananiita wakili wa ndege, jina ambalo silistahili. Lakini mambo machache nimeyahakikisha, na nayaandika hapa kwa sababu naona watu wa kwetu wakihadaika kila msimu.

La kwanza ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Kenya imo, India imo, nchi za Ghuba tunazopitia zimo. Kifungu cha 19 kinasema shirika linawajibika kwa hasara inayotokana na kuchelewa kwa abiria au mzigo, isipokuwa lithibitishe kwamba lenyewe na watu wake walichukua hatua zote zinazostahili kuzuia hasara hiyo, au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Kuna ukomo wa malipo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, ukomo kwa abiria aliyecheleweshwa ni 6,303, kabla ya hapo ulikuwa 5,346, na hizo si dola wala euro: ni kipimo cha Shirika la Fedha Duniani kiitwacho SDR, ambacho thamani yake huzidi dola kidogo. Watu wakisikia hivyo macho huwatoka. Tulia. Hiyo si zawadi, ni dari. Unalipwa kile tu ulichopoteza na unachoweza kukithibitisha: chumba ulicholipia, chakula, teksi, tiketi mpya. Risiti. Usiniambie "nilikula kwa mama ntilie akanisahau na risiti". Omba, hata kwa karatasi ya daftari. Na una miaka miwili ya kufungua madai. Ikipita, mlango umefungwa.

Lakini mkataba huo ni wa safari ya kimataifa. Ile ya Manda kwenda Wilson ukiikata peke yake ni safari ya ndani tu. Ukiikata pamoja na ya Mumbai, kwa makubaliano ya safari moja, nayo huhesabiwa kipande cha safari ya kimataifa hata kama ndege yenyewe ni ya abiria kumi na wawili. Kipande kilekile cha anga, wingu lilelile, lakini sheria inayokufunika inategemea namna ulivyokata tiketi. Nilipolielewa hili nilikaa dukani nikacheka peke yangu. Mteja aliyekuwa akisubiri kuchapishiwa alidhani nimepata habari njema.

La pili ni la Ulaya, na hapa nina hadithi fupi. Binamu yangu anaishi Ujerumani. Alikuja kwa ajili ya Maulidi, Frankfurt hadi Nairobi kupitia mji mmoja wa Ghuba, tiketi moja, shirika lisilo la Ulaya. Ndege ya kwanza ilichelewa saa mbili tu. Saa mbili hizo zikamkosesha ya pili, akafika Nairobi amechelewa saa tisa. Wao walimpa sandwichi na pole. Akaja dukani kwangu kuniuliza, tukakaa.

Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya inamfunika kila anayeondoka kwenye uwanja wa nchi za Umoja huo, shirika liwe la wapi. Anayekwenda Ulaya kutoka nje hufunikwa tu kama ndege ni ya shirika la Ulaya. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 fidia ni euro 600, na shirika linaweza kuikata nusu kama ulichelewa zaidi ya saa tatu lakini hukuzidi nne. Tukaandika barua. Jibu lilikuja, la adabu, lenye kona: ndege yako ilichelewa saa mbili tu, na kanuni inataka tatu.

Hapo ndipo kesi mbili zilitufaa. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria aliyetoka Bremen kwenda Asunción, Paraguay, kupitia Paris na São Paulo. Ndege yake ya kwanza ilichelewa kama saa mbili na nusu. Mwisho wa safari alikuwa amechelewa saa 11. Mahakama ikasema kinachohesabiwa ni kuchelewa kule mwisho wa safari. Na mwaka 2018 ikaamua nyingine, ya abiria wa Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca: ukikata kwa buking moja, vipande vyote ni safari moja iliyoanzia Ulaya, hata kama tatizo limetokea huko nje. Tukazitaja zote mbili, mistari minne, bila matusi. Ilichukua miezi mitatu. Euro 600 ziliingia. Binamu akaninunulia printa, na ndiyo hii inayopiga kelele nikiandika.

Kwa kanuni hiyo ya Ulaya, shirika huponea fidia likithibitisha mambo yaliyo nje ya uwezo wake: dhoruba, wingu, uwanja kufungwa. Hitilafu ya kawaida ya mitambo haimo katika hayo, mahakama hiyo ilishasema tangu 2008. Lakini hata pale ambapo fidia haipo, matunzo yapo: chakula, kinywaji, hoteli ikibidi kulala, na njia ya kuwasiliana na wako. Fidia na matunzo ni vitu viwili. Nimeona mtu amenyimwa kimoja akadhani amenyimwa vyote.

Kwa huku nyumbani, anayesimamia mashirika ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA kwa kifupi, na malalamiko ya abiria hupelekwa huko. Ushauri wangu, anza na shirika lenyewe kwa maandishi, uwape muda, kisha ndio upande juu ukiwa na nakala. Malalamiko ya mdomo pale kaunta huishia palepale. Yule binti akimaliza zamu yake, hakuna aliyeyasikia.

Mizigo nitaipitia haraka. Begi likifika limevunjika, una siku saba za kuandika. Likichelewa, siku ishirini na moja tangu ulipolipokea. Na usitoke uwanjani bila kuripoti dirisha la mizigo na kupewa karatasi. Kisha uangalie tagi kabla haijafungwa: herufi tatu. LAU ni Manda. NBO ni Jomo Kenyatta. WIL ni Wilson. Kama unakwenda Amu na tagi imeandikwa NBO, begi litakusubiri Nairobi wewe ukiwa Manda unatazama mkokoteni mtupu. Ndege ndogo nazo huwa na kipimo cha kilo kumi na tano, na ile kubwa imekuruhusu ishirini na tatu au zaidi, kwa hiyo zile zawadi za Mumbai zina gharama nyingine Wilson. Hilo si haki ya mtu, ni mizani.

Kuhusu ile mitandao ya kuuza tiketi rahisi: siku hizi inakuwekea safari mbili kwenye ukurasa mmoja, bei moja, rangi moja, unadhani ni tiketi moja. Teremka chini. Kama kuna namba mbili za buking, au wameandika kwamba utachukua mzigo na kuukabidhi tena mwenyewe, basi umejiunganishia mwenyewe, kama mimi. Wengine huuza na dhamana yao wenyewe juu yake. Isome. Dhamana ya mtandao si haki ya abiria, ni bidhaa. Bima ya safari nayo ni hivyohivyo. Ziko zinazolipia kukosa ndege ya kuunganisha, lakini zina sharti la muda uliouacha katikati, na ukiwa umeacha mfupi kuliko wanavyotaka, umelipa bure.

Safari ya kurudi haikuwa na drama, na ndiyo maana naitaja kwa ufupi. Mumbai mafundi walikaa chini ya bawa saa tatu, Ghuba tukafika ndege ya Nairobi imeshaondoka. Safari hii tulikuwa ndani ya tiketi moja. Tulikuta boding pasi mpya zimeshachapishwa, chumba katika hoteli ya mlemle uwanjani ili tusihitaji viza, na kiti cha magurudumu kwa mamangu, ambacho alikataa kukaa mpaka alipohakikisha hakilipiwi. Mimi sikuhangaika na shirika kubwa. Nilihangaika na dogo, kwa sababu ya Wilson kwenda Manda bado ilikuwa tiketi ya peke yake na ingetuacha kesho yake mchana. Nikaingia kwenye intaneti ya hoteli, nikawapigia kwa WhatsApp, saa kumi na sita kabla ya ndege kuruka. Wakatusogeza siku moja mbele kwa ada ndogo. Maneno machache tu. Nikamkumbuka yule kijana wa kaunta Nairobi; jina lake sikulijua.

Wapo watakaoniuliza: na ukikosa kabisa ndege ya Amu, je? Njia zipo. Tafuta ya Malindi au Mombasa, kisha basi la asubuhi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, na mashua. Si mbaya kama zamani, lami imefika. Lakini barabara hiyo si ya kusafiri usiku, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba utafika "leo leo". Lala Malindi. Kula vizuri. Mjulishe aliyekungoja jetini.

Mamangu sasa mzima, alhamdulillahi. Hukaa barazani jioni, na ndege ya Manda ikipita juu huiinulia kidole na kuniuliza, "Ile ni moja au mbili?" Hilo limekuwa neno la nyumba nzima.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka Matondoni, anakwenda Maskati kwa mwanawe. Alitaka bei. Nikamwekea mbili mezani, nikazichapisha kabisa kwenye printa ya binamu ili aone. Hii ni moja, namba moja, ukiachwa Nairobi ni shauri lao. Hizi ni mbili, ukiachwa ni shauri lako. Tofauti elfu tisa. Akavaa miwani, akasoma zote mbili kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayekagua mbao za jahazi. Kisha akavua miwani.

"Nikatie mbili," akasema. "Ile ya Maskati ni ya lini?"

"Alhamisi usiku."

"Basi ile ya Nairobi nikatie ya Jumatano. Nina mjukuu Eastleigh, nitalala kwake."

Nikamkatia. Alipotoka alirudi tena mlangoni kuuliza kama samaki wa kukaanga anaruhusiwa ndani ya ndege.